Kisu cha kukunja cha kale: Vipi utatambua halisi na bandia?

Kisu cha kukunja ni chombo ambacho wengi wetu hatukipi uzito. Hulazwa kwenye droo pamoja na vifungo vilivyong'oka na sarafu ambazo hazitumiki tena. Aghalabu mwenyewe, aliyekinunua au kutunukiwa miaka hamsini iliyopita, ameshaaga dunia, na waliobaki hawajui kama wakitupe, wakimenyee machungwa au wakiuze kwa yeyote atakayetaja bei.

Ilhali katika nchi za Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na hasa Marekani, wapo watu wengi wanaovikusanya visu hivi kwa ari ile ile ya wakusanyaji wa stempu na saa za kale. Wana vitabu vyao vya rejea, maonyesho yao na minada yao, na tangu intaneti ienee, mnada unaofanyika Pennsylvania waweza kumfikia mtu aliyeketi Nakuru. Visu viwili vinavyofanana kama shilingi kwa ya pili huwekwa mezani, kimoja kikauzwa kwa bei ya kuku na kingine kwa bei ya fahali. Kinachovitofautisha mara nyingi ni maandishi machache yaliyogongwa kwenye chuma, madogo hata mzee hayasomi bila miwani.

Na palipo na pesa, walaghai hawakosi. Kwa hiyo swali la kwanza la mkusanyaji si kama kisu kinapendeza, bali ni kama ndicho kinachodai kuwa.

Kabla ya kusonga mbele, yafaa tuelewane kuhusu majina, kwa kuwa Kiswahili kinayo tele. Sehemu inayokata ni ubapa. Kile kipande cha ubapa kinachoingia kwenye mpini ndicho msuka, na ndicho kitakachotushughulisha zaidi hapa. Kipande cha madini kilicho kwenye ncha ya mpini, mahali ubapa unapoanzia, ni noleo, neno ambalo siku hizi wengi hulichanganya na kinoo cha kunolea. Vibao viwili vya mpini hushikwa kwa misumari myembamba juu ya mabamba ya shaba au chuma, na katikati ya mabamba hayo hulala springi inayoukaza ubapa uwe umefunguka au umefungika. Kijifereji kilicho juu ya ubapa ni cha kutilia ukucha.

Mji wa visu

Mazungumzo yoyote kuhusu visu vya kale huanzia Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Chama cha wafua visu cha eneo hilo, ambacho kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1624, kilipewa mamlaka ya kusajili alama za wahunzi. Kila fundi aliyekubaliwa alikuwa na alama yake, na kugonga alama ya mwingine lilikuwa kosa. Utaratibu huo ndio unaomwezesha mtu wa leo kukishika kisu cha miaka 200 iliyopita na kulitaja jina la aliyekitengeneza.

Kazi yenyewe haikuwa ya kiwanda kimoja. Mmoja alifua, mwingine akanoa kwenye gurudumu la jiwe, wa tatu akaunganisha vipande. Wengi walifanya kazi katika vyumba vidogo walivyokodi, wakilipwa kwa idadi ya visu walivyomaliza. Wanoaji ndio walioumia zaidi: vumbi la mawe na chuma liliwajaa mapafuni, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Anayevishangilia visu hivyo kwa ulaini wa kazi yake hana budi kulikumbuka hilo pia.

Kampuni mbili za mji huo ndizo zinazotafutwa mno. Ya kwanza ni Joseph Rodgers & Sons, yenye alama ya nyota na msalaba wa Malta. Mwaka wa 1822 ilipata kibali cha kuiuzia visu familia ya kifalme, na katika maonyesho makubwa ya London ya 1851 ikaonyesha kisu kiitwacho Norfolk, chenye bapa na vifaa 75, ambacho hakuna mfuko duniani ungekimeza. Ya pili ni ya George Wostenholm, iliyotumia herufi I*XL. Ukizitamka herufi hizo kwa Kiingereza, zasikika kama mtu anayejigamba kuwa amewapiku wenzake. Wostenholm alilenga soko la Marekani na kulipata, na kiwanda chake akakiita Washington.

Umaarufu ulizaa wizi. Katika miaka ya 1840 kampuni ya Rodgers iliwapeleka mahakamani watu wa ukoo wa Nowill, wa Sheffield hiyo hiyo, kwa kuuza visu vilivyogongwa jina la Rodgers. Kesi hiyo bado hutajwa katika historia ya sheria za alama za biashara. Baadaye lawama zikaelekezwa Ujerumani, kwa watengenezaji wa mji wa Solingen, waliodaiwa kuuza visu vya bei nafuu vyenye alama zilizofanana na za Sheffield. Kilio cha wafua visu kilichangia kupitishwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1887 iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Ndiyo sheria iliyoyafanya maneno yanayotaja Ujerumani kuwa mashuhuri, na kinyume na ilivyotarajiwa, baada ya muda maneno hayo yakageuka kuwa sifa. Solingen nayo ilikuja kulindwa: tangu 1938 sheria ya Ujerumani inalihifadhi jina la mji huo lisitumiwe ovyo kwenye visu.

Hivyo basi, msomaji asidhani kuwa kisu bandia ni lazima kiwe kipya. Vipo visu bandia vyenye umri wa miaka 150, na kutu yake ni ya kweli kabisa. Mwandishi Mark Twain alilifanyia mzaha jambo hilo katika riwaya yake kuhusu Tom Sawyer, iliyotoka mwaka wa 1876. Tom anapewa kisu cha aina ya Barlow, aina iliyokuwa rahisi na ya kawaida mno, na mwandishi anastaajabu jinsi wavulana wa Magharibi walivyoshikilia kwamba vipo Barlow halisi na Barlow za kuiga, ilhali kisu chenyewe kilikuwa duni kiasi cha kutoweza kuharibiwa na mwigo.

Kuusoma msuka

Fungua ubapa mkuu, uugeuze kwenye mwanga wa dirisha, utafute maandishi kwenye msuka. Hapo ndipo penye cheti cha kuzaliwa cha kisu.

Tuchukue kisu cha Rodgers. Kikiwa na taji katikati ya herufi V na R, kinadai kuwa cha enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. E na R ni za Edward wa Saba, aliyetawala hadi 1910. G na R zina mtego, maana huenda zikawa za George wa Nne aliyefariki 1830, au George wa Tano aliyetawala kuanzia 1910 hadi 1936. Kati ya hao wawili kuna miaka themanini, na muuzaji mjanja atakutajia yule wa mbali.

Kinachosaidia kukata shauri ni neno ENGLAND. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, maarufu kwa jina la McKinley, iliagiza kwamba kuanzia Machi 1891 bidhaa zote ziingiazo nchini humo ziwe zimeandikwa jina la nchi zilikotoka. Kwa kuwa Marekani ilikuwa mteja mkubwa, wafua visu wa Sheffield waliligonga neno hilo kwenye visu vyao. Kisu chenye SHEFFIELD pekee huenda ni cha kabla ya hapo, ingawa si hakika, kwa sababu visu vilivyouzwa kwingineko havikubanwa na sheria hiyo. Kisu chenye ENGLAND, kwa upande mwingine, kina uwezekano mdogo sana wa kuwa cha siku za George wa Nne.

Sharti lakini tuonye: nyota na msalaba peke yake havithibitishi umri. Jina la Rodgers liliuzwa na kununuliwa katika karne ya 20, na visu vyenye alama hiyo viliendelea kutengenezwa miongo mingi baada ya kampuni ya asili kufifia. Hivyo si visu bandia. Ni visu vipya vyenye jina la zamani, na ulaghai huanza pale muuzaji anapokupunguzia ukweli huo.

Huko Marekani, kampuni ya Case ya Bradford, jimbo la Pennsylvania, iliwarahisishia wakusanyaji kazi kuliko nyingine zote. Kati ya 1920 na 1940 visu vyake viligongwa CASE TESTED XX. Kuanzia 1940 hadi 1964 ikawa CASE XX. Mwaka wa 1965 yakaongezwa maandishi USA. Kisha mwaka wa 1970 ukaanzishwa mtindo wa nukta: kisu cha mwaka huo kina nukta kumi chini ya jina, cha 1971 kina tisa, na vivyo hivyo hadi 1979, chenye nukta moja. Mwaka wa 1980 nukta zikarudi kuwa kumi, lakini herufi S katika jina ikachorwa kwa umbo la radi, hivyo hakuna sababu ya kuchanganya miongo hiyo miwili.

Urahisi huo umewafaidi walaghai vilevile. Maadamu kisu kisicho na USA ni cha zamani zaidi, na hivyo ni ghali zaidi, mtu huchukua tupa laini akayafuta maandishi hayo, au akaifuta nukta moja moja. Dawa yake ni kutazama unene. Msuka uliofutwa huwa mwembamba au wenye bonde dogo ikilinganishwa na upande wake wa pili, na mng'aro wake huwa tofauti na wa chuma kilichouzunguka. Ubapa hauwezi kulegea upande mmoja tu ndani ya noleo bila sababu.

Ipo namba pia. Katika visu vingi vya Case vya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tarakimu ya kwanza hueleza kifaa cha mpini na ya pili hesabu ya bapa. 6254 ni kisu cha bapa mbili chenye mpini wa mfupa uliotiwa machimbochimbo. 5254 ni kile kile kwa mpini wa pembe ya kulungu, na 3254 ni cha mpini wa manjano. Ukikabidhiwa kisu chenye namba inayoanza kwa 6 na mpini wa pembe ya kulungu, fahamu kuwa mpini umebadilishwa. Swali lililosalia ni kama muuzaji analijua hilo.

Herufi zilizogongwa na herufi zilizochorwa

Mhariri aliyezoea kusahihisha kurasa hujifunza kuliona kosa kabla hata ya kulisoma, kwa sababu herufi moja imekaa vibaya. Jicho hilo lafaa sana hapa. Alama ya kweli iligongwa kwa muhuri wa chuma kigumu wakati ubapa ulipokuwa bado haujakazwa kwa moto na maji. Kwa hiyo herufi zina kina kinacholingana, kingo zake ni kali, na chini mwake ni tambarare. Ubapa ukishakazwa, muhuri haushiki vizuri tena, na ukilazimishwa msuka waweza kupasuka.

Mlaghai wa leo, akiwa na ubapa uliokwisha kukazwa, hulazimika kutumia tindikali, kalamu ya umeme au mwanga wa leza. Tindikali huacha kingo zilizolika na chini kwenye vinundu. Kalamu huacha mistari inayotetemeka. Leza huacha weusi ulio sawa kila mahali, ambao haupo katika kazi ya kale. Kioo cha kukuza mara kumi, kile cha mafundi wa saa, chatosha kuyaona haya yote. Tena usiishie kwenye umbo. Soma tahajia. Rodgers ina d, na kampuni nyingi zilizotaka kuinufaisha mifuko yao kwa jina la wengine zilifanya hivyo kwa kuiacha au kuongeza herufi moja tu, zikitegemea kwamba mnunuzi atalisoma jina analolitarajia.

Yapo maandishi mengine ambayo kwa haki yake huchorwa kwa tindikali, nayo ni yale mapambo ya upande wa ubapa. Hayo hufifia kila kisu kinaponolewa na kufutwa. Ubapa uliopungua nusu kwa kunolewa, lakini mapambo yake yanang'aa kama ya jana, una maswali ya kujibu.

Vitu visivyokutana

Njia ambayo mimi naiona kuwa ya kuaminika kuliko zote ni ya kutafuta vitu viwili ambavyo havingeweza kukutana katika kisu kimoja. Haihitaji kipaji cha pekee, ila kuzikumbuka tarehe chache.

Chuma cha pua kisichoshika kutu kilivumbuliwa na Harry Brearley huko Sheffield mwaka wa 1913. Kisu chenye herufi za Malkia Victoria na ubapa usioshika kutu basi kimekutanisha marehemu na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa. Plastiki ya bakelaiti ilitokana na kazi ya Leo Baekeland ya 1907, hivyo mpini wake hauwezi kuwa wa karne ya 19. Seluloidi ni ya zamani zaidi, ya karibu 1870. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilienea viwandani katika miaka ya 1930, na ukizikuta kwenye kisu kinachosemwa kuwa cha 1890, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema. Gundi ngumu za kisasa aina ya epoksi ni za katikati ya karne ya 20. Huonekana kama ukingo mwembamba unaong'aa kati ya kibao na bamba, na nyingi huwaka rangi ya buluu chini ya taa ya miale ya urujuani, ile ya kukagulia noti.

Kisu cha Kifaransa cha Opinel, ambacho kilianza kutengenezwa mwaka wa 1890 kwenye milima ya Savoie, kina pete ya chuma inayozungushwa ili kuuzuia ubapa usijifunge. Pete hiyo ilibuniwa mwaka wa 1955. Jina Victorinox nalo liliundwa 1921, kwa kuunganisha jina la Victoria, mamake mwanzilishi Karl Elsener, na neno la chuma kisichoshika kutu. Kampuni ni ya 1884, na jeshi la Uswisi ilianza kulihudumia 1891, ila anayekuuzia kisu chenye jina la Victorinox na kukwambia kilipigana Vita vya Kwanza vya Dunia anakisimulia kisu hicho maisha ya babu yake.

Kuhusu Laguiole, ambalo ni jina la kijiji cha Ufaransa, hapana haja ya kupoteza muda. Jina hilo kwa miongo mingi halikulindwa, na visu vyenye nyuki juu ya springi vimetengenezwa kwingi, hata Asia. Neno Laguiole peke yake halikuthibitishii mahali wala umri.

Mfano wa Remington una funzo tofauti. Kampuni hiyo ya bunduki ilitengeneza visu kati ya 1920 na 1940, na vinavyotafutwa zaidi ni vile vyenye kibandiko cha risasi kwenye mpini. Mwaka wa 1982 kampuni ikaanza kutoa upya visu vya risasi kwa ajili ya wakusanyaji, vikifuata vielelezo vya zamani. Ni halali na vina soko lake. Ila baada ya miaka arobaini mfukoni, kisu cha 1982 nacho kimechakaa, na mchakao huo ndio unaomtia tamaa muuzaji asiye mwaminifu wa kukirudisha nyuma miaka sitini.

Visu vya viraka

Zaidi ya bandia kamili, soko limejaa visu vya viraka: ubapa wa kimoja, springi ya kingine, mpini wa cha tatu. Kila kipande ni cha kale kweli, lakini kisu chenyewe kilizaliwa mwezi uliopita.

Hapa mtu huangalia kama uchakavu unakubaliana. Mpini uliolainika kwa mikono ya vizazi viwili hauambatani na ubapa usiowahi kunolewa. Kijifereji cha ukucha kilicholika kwenye ubapa mzima ni jambo la ajabu. Vichwa vya misumari ya kale vilifuliwa kwa nyundo na kulainishwa hadi vikatoweka kwenye noleo. Ukiviona duara safi vya shaba mpya, kuna mtu amevifungua. Funga kisu na kukifungua polepole. Springi nzuri hukaa sawa na mabamba, isiyochomoza wala kuzama, na ubapa hujifunga kwa mlio mkavu. Mlio unaosikika kama wa kikohozi ni dalili ya springi iliyochoka au isiyo yake.

Rangi ya chuma pia husema. Chuma cha pua cha kale, kile kinachoshika kutu, hupata rangi ya kijivu yenye ubuluu kwa miaka mingi ya matunda, nyama na jasho. Rangi hiyo haiwi sawa: ni nzito karibu na msuka na nyepesi penye makali. Siki na kahawa huweza kuileta kwa saa chache, lakini huipaka kote bila ubaguzi, hata ndani ya vijifereji na chini ya mapambo ambako kidole hakikufika. Chungulia ndani ya mpini kwa tochi. Huko ndani uchafu wa miaka hujikusanya ukawa mgumu, na walaghai wengi hawana subira ya kuuiga.

Pembe zilizopita Mombasa

Kuna upande mmoja wa habari hii unaotuhusu sisi Waafrika Mashariki moja kwa moja, nao si wa kujivunia. Mipini ya visu bora vya Sheffield ya karne ya 19 ilikuwa ya pembe za ndovu. Rodgers walikuwa na ghala la pembe lililowashangaza wageni. Sehemu ya pembe zilizofika minada ya London ilitoka Unguja, ambako misafara ilizileta kutoka Tabora, Ujiji na hata mashariki ya Kongo, eneo ambalo Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alijitajirisha kwalo. Kabla ya hapo na sambamba nao, wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakipeleka pembe Mombasa. Pembe za pwani hii zilipendwa kwa ulaini wake, kwani zilichongeka bila kupasuka. Kwa hiyo kisu kidogo cha barua kilicholala kwenye mahameli huko London huenda kina kipande cha ndovu aliyelishia ng'ambo hii.

Mkusanyaji anahitaji kuitambua pembe, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mara nyingi siyo. Mfupa wa ng'ombe una vitundu na mistari midogo myeusi, ambamo damu ilipita mnyama alipokuwa hai. Seluloidi iliyoigizwa pembe ina mistari iliyonyooka na kulingana mno, kama ya daftari la shule. Pembe ya ndovu ina mawimbi yasiyolingana, na penye ncha iliyokatwa mkingamo huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Wapo wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto. Usithubutu: utatia kovu kwenye kitu cha thamani, na iwapo ni seluloidi, inashika moto upesi. Seluloidi ya zamani ina hila nyingine, kwani ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma, hata cha visu jirani. Wenye busara huitenga kwenye sanduku lake.

Sababu ya pili ni sheria, na hapa msomaji wa Kenya awe makini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977 na biashara ya bidhaa za wanyamapori mwaka uliofuata. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliziteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mwezi Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akazitia moto tani 105. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeweka adhabu kali kwa anayeuza au kumiliki bidhaa hizo bila kibali. Sheria haiulizi kama pembe ilikuwa ya babu yako. Anayekipata kisu cha mpini wa pembe kwenye sanduku la urithi asikipeleke sokoni wala kukiweka kwenye intaneti, bali atafute ushauri wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwanza.

Hata ng'ambo mlango umefungwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 2018, iliyoanza kutekelezwa Juni 2022, inaruhusu kuuzwa kwa bidhaa za kabla ya 1947 ambazo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, tena baada ya kusajiliwa. Kisu cha kukunja ambacho mpini wake wote ni pembe hakitoshei humo kwa urahisi.

Kile cha babu

Kwetu hapa, kisu cha kale kinachoweza kupatikana nyumbani zaidi ni cha jeshi la Uingereza. Iwapo babu alihudumu katika KAR na akarejea na kisu kizito cha kukunja, chenye ubapa butu wa ncha, kifungulio cha mikebe na pengine mwiba mrefu wa kufungulia mafundo ya kamba, tazama kama kuna mshale mfupi wa mistari mitatu. Hiyo ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Karibu nayo huenda kukawa na jina la mtengenezaji na mwaka, labda wa kati ya 1939 na 1945. Visu hivyo vilitengenezwa kwa wingi, hivyo bei yake si ya kumtajirisha mtu, lakini kile ambacho familia inaweza kukitaja mwenyewe, kikosi chake na alikopigania kina thamani ambayo kingine cha aina hiyo hakina. Andika habari hizo kwenye karatasi na uiweke pamoja nacho wakati wanaozijua wangali hai.

Kisha jizuie kukisugua. Msasa na dawa za kung'arishia huondoa kwa dakika tano rangi iliyochukua miaka themanini, na huweza kuyafuta maandishi ya msuka. Usikinoe. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani penye maungio, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Ukitaka kukiuza, piga picha za msuka wa kila ubapa, pande zote mbili, na umtafute mnunuzi wa pili kabla ya kumjibu wa kwanza. Ukikisafirisha kwa ndege, kiweke kwenye mzigo unaopelekwa chini, kwani kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa na walinzi wa uwanja, na hapo hakuna atakayekuuliza kama ni halisi.